Makali ya kunyoa si makali ya kazi

MWENYE kisu kikali ndiye mla nyama, walisema wahenga. Ni methali ambayo kila mkulima, mfugaji na fundi anaijua. Lakini wahenga hawakutuambia kisu hicho kitakula nyama kwa siku ngapi kabla ya kurudi kwenye jiwe, wala kila safari ya kurudi huko inagharimu shilingi ngapi.

Swali hilo ambalo wahenga walituachia ndilo lililonigharimu ng'ombe.

Mama yangu anafuga Machame, wilayani Hai, kama wafugavyo wengi kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Ng'ombe wanakaa bandani na majani yanawafuata huko huko. Mabingobingo, mabua ya mahindi na migomba vinabebwa, vinakatwa, kisha vinamwagwa kwenye hori. Kwa miaka mingi kazi ya kukata ilifanywa kwa panga juu ya gogo, na kila jioni kulikuwa na mtu mwenye vidole vilivyofungwa kitambaa.

Mwaka 2019 nilimnunulia mashine ya kukatia majani inayotumia injini ndogo ya petroli. Nikiwa nimesomea uchumi wa kilimo, nilishapiga hesabu zote: bei ya mashine, petroli, muda utakaookolewa na majani yatakayoacha kupotea. Kitu kimoja sikukiweka kwenye hesabu. Sikuweka kisu.

Miezi michache baadaye mashine ilianza kutafuna majani badala ya kuyakata. Nikafungua visu vyote viwili, nikavipeleka kwa mzee mmoja anayenoa sokoni kwa jiwe la kuzungushwa na baiskeli. Nikamwambia nataka makali ya kunyoa ndevu.

"Mwanangu," alinijibu, "mimi nitanoa unavyotaka, hela ni yako. Lakini hiki kisu kinakula majani, hakinyoi mtu."

Nilicheka, nikamwambia anoe. Alinoa. Nilijaribu kwenye mkono wangu na vinyweleo vikatoka. Kwa siku mbili mashine ilikata kama mpya. Siku ya nne mama aliona pengo kwenye ukingo wa kisu kimoja, dogo kama ukucha wa mtoto. Kipande kilichotoka hatukukiona.

Wiki mbili baadaye ng'ombe wetu mkubwa aliacha kula. Alisimama amekunja mgongo, akawa anaguna kila akishuka kwenye kijiteremko cha kutokea bandani. Maziwa yalishuka kutoka lita 12 hadi lita 3 kwa siku. Daktari wa mifugo alipokuja alisema anahisi kuna chuma tumboni, na kwa hali ile ni afadhali achinjwe kabla hajafa. Kwenye tumbo lile lenye vijishimo kama sega la nyuki kilikutwa kipande cha chuma kilichokuwa kimetoboa ukuta kuelekea moyoni.

Ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa akilipa ada ya bweni ya mdogo wangu. Nyama yake iliuzwa kwa bei ya hasara. Kosa halikuwa la mashine wala la mzee wa sokoni. Lilikuwa langu, kwa kudhani kwamba makali makubwa zaidi ndiyo makali bora zaidi.

Tangu wakati huo nimetumia muda mwingi kwenye karakana za mafundi kuliko nilivyotumia kwenye maktaba. Haya ninayoandika leo ndiyo niliyotakiwa kuyajua kabla ya kufungua spana.

Ugumu na wepesi wa kuvunjika

Makali ni mahali ambapo nyuso mbili za chuma zinakutana. Nyuso hizo zikikutana kwa pembe nyembamba, makali yanaingia kwenye kitu kwa urahisi lakini nyuma yake kuna chuma kidogo cha kuyashikilia. Zikikutana kwa pembe pana, makali yanahitaji nguvu zaidi kuingia, ila yana mgongo wa kuyategemeza.

Hapo ndipo ugumu wa chuma unapoingia. Chuma laini kikizidiwa hupinda. Chuma kigumu kikizidiwa hakipindi, kinameguka. Ndiyo maana panga likigonga jiwe hujikunja ukingo na unaweza kulirudisha kwa tupa, wakati kisu kigumu cha mashine kikigonga jiwe lile lile huacha pengo, na kipande kinaenda usikokujua.

Kwa maneno mengine, kadiri kifaa kilivyo kigumu ndivyo makali yake yanavyohitaji kuandaliwa kwa uangalifu zaidi. Kunoa ni kuyafanya yawe makali. Kuandaa ni kuyafanya yadumu. Wengi wetu tunalipia la kwanza na kusahau la pili.

Ikumbukwe pia kwamba majani si kitu laini kama yanavyoonekana. Nyasi nyingi, miwa na mpunga vina silika ndani yake, madini yale yale yaliyomo kwenye mchanga. Ongeza udongo unaong'ang'ania mashina yaliyokatwa karibu na ardhi. Kisu cha mashine kinakata msasa kila siku.

Pembe kabla ya ukali

Hatua ya kwanza ni kujua pembe ya kisu chako. Kisu cha mashine ya majani kwa kawaida hunolewa upande mmoja tu, kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30. Upande wa pili ni bapa na unatakiwa kubaki bapa. Panga hunolewa pande zote mbili, na pembe ya jumla ya nyuzi 45 hivi inalifaa kwa kazi za kawaida za shamba.

Huhitaji kununua kipimo. Chukua karatasi ya daftari. Kona yake ni nyuzi 90. Ikunje kona hiyo mara moja katikati, unapata nyuzi 45, hicho ni kipimo cha panga. Chukua karatasi nyingine, kunja kona yake katika sehemu tatu zilizo sawa, unapata nyuzi 30, hicho ni kipimo cha kisu cha mashine. Weka pembe hizo juu ya kipande cha katoni, chora, kisha kata pengo lenye umbo la herufi V. Ukichomeka makali ya kisu kwenye pengo hilo unaona mara moja kama ni membamba mno au ni manene mno.

Kama kisu ni kipya, pima pembe yake kabla hakijafanya kazi hata siku moja na uhifadhi katoni hiyo. Pembe ya kiwandani ndiyo mwongozo wa kwanza.

Kisu changu kilichoua ng'ombe nilikuja kukipima baadaye. Kilikuwa kimenolewa hadi kinapwaya ndani ya pengo la nyuzi 20. Makali ya aina hiyo ni ya kisu cha jikoni.

Ulimi na ukingo wa pili

Hatua ya pili ni kuondoa ulimi. Ukinoa upande mmoja, chuma chembamba hujikunjia upande wa pili kama ulimi wa karatasi. Ukipitisha kidole taratibu kutoka kwenye mgongo wa kisu kuelekea nje ya makali, upande ule bapa, utauhisi unakwaruza. Wengi huuhisi na kudhani ndiyo ukali wenyewe. Kwa kweli ulimi huo hukata vizuri kwa dakika chache, kisha unapinda au unang'oka. Unapong'oka huondoka na sehemu ya makali halisi.

Dawa yake ni jiwe laini la kunolea. Laza upande bapa wa kisu juu ya jiwe, kikae chote bila kuinuka, ukisugue mara mbili au tatu kwa mkono mwepesi. Usikiinue hata kidogo, kwa sababu ukiinua unaanza kutengeneza pembe mpya upande usiotakiwa, na kisu hakitakaa sawasawa na bamba la mashine.

Hatua ya tatu ndiyo ambayo wengi hawaijui, nami nilifundishwa na fundi wa karakana. Baada ya ulimi kutoka, rudi kwenye upande ulionolewa, inua kisu kidogo, kama nyuzi tano zaidi ya pembe yake, kisha pitisha jiwe laini mara mbili au tatu tu. Utaona mstari mwembamba unaong'aa kwenye ukingo, upana wake kama uzi wa kushonea. Huo ndio ukingo wa pili. Hautakuwezesha kunyoa ndevu, lakini unayapa makali mgongo wa kusimamia.

Ukitaka kujua kama kazi imekwisha, shika kisu chini ya taa au jua, makali yakikutazama. Makali yaliyokamilika hayaonekani. Ukiona nukta au mstari mweupe unaomulika juu kabisa ya ukingo, hapo bado ni butu au pana pengo.

Unaporudisha visu kwenye mashine, hakikisha vyote vimepunguzwa kwa kiasi kimoja. Kisu kimoja kikiwa kizito kuliko kingine, gurudumu litatetemeka, nati zitalegea na beringi zitakufa mapema. Halafu rekebisha nafasi kati ya kisu na bamba tuli ambalo majani hupitia juu yake. Fuata kitabu cha mashine. Ukikosa kitabu, jalada la daftari la shule ni kipimo kizuri, lipite kwa kubana kidogo. Zungusha gurudumu kwa mkono mzunguko mzima kabla ya kuwasha, na kisu kisiguse chuma popote. Kabla ya kugusa visu vyovyote, chomoa waya wa plagi ya injini.

Moto na maji

Mafundi wengi mijini siku hizi wanatumia jiwe la umeme. Ni la haraka, lakini lina hatari yake. Kisu kigumu kilipata ugumu wake kiwandani kwa kuchomwa, kupozwa ghafla na kisha kupashwa tena kwa joto la kiasi. Ukikikandamiza kwenye jiwe la umeme hadi ukingo ugeuke rangi ya bluu, umekipasha upya kwa joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Sehemu hiyo imelegea. Itanoleka vizuri na kung'aa, ila kazini itakuwa butu kabla ya jioni.

Kwa kisu cha chuma, kanuni ni kugusa jiwe kwa sekunde chache na kuchovya kwenye maji, kugusa na kuchovya. Kikiwa cha moto kiasi cha kushindwa kukishika kwa vidole, umechelewa kuchovya. Ukikuta rangi ya bluu, sehemu hiyo inatakiwa kusagwa taratibu mpaka iishe yote.

Kuna kifaa kimoja ambacho kanuni hiyo ya maji hugeuka kuwa sumu, nacho ni jino la kabaidi.

Meno magumu kuliko chuma

Ukienda Mafinga na vijiji vya Mufindi, karibu na shamba kubwa la miti la Sao Hill, utasikia sauti ya misumeno ya duara tangu asubuhi. Mingi inapasua misindano na mikaratusi ya wakulima wadogo kwa mashine zinazohamishika ambazo wenyeji huziita dingdong. Katika karakana za useremala nchi nzima nako msumeno wa duara ndio mfanyakazi mkuu. Mingi kati ya misumeno hiyo ina vipande vidogo vya rangi ya kijivu vilivyochomelewa kwenye ncha za meno. Hiyo ndiyo kabaidi.

Kabaidi si chuma cha kawaida. Ni unga wa tangsteni na kaboni uliochanganywa na kobalti, ukashindiliwa na kuokwa kwenye joto kali hadi ukawa kitu kimoja. Mjerumani Karl Schröter ndiye aliyebuni njia hiyo mwaka 1923, na kampuni ya Krupp ikaanza kuiuza katika miaka hiyo ya 1920 kwa jina la Widia, kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi". Jina linastahili. Tupa haikwangui kabaidi, inateleza tu. Ili kuinoa vizuri unahitaji gurudumu lenye chembe za almasi.

Lakini kinachoweza kukata sana kinaweza pia kuvunjika sana. Ukiuangusha msumeno wa kabaidi kwenye sakafu ya saruji, meno kadhaa yanaweza kumeguka. Msumari mmoja uliosahaulika kwenye ubao unaweza kufanya hivyo hivyo.

Viwanda vinavyotengeneza vipande vya kabaidi vya kukatia vyuma vinalijua hilo, na ndiyo maana haviuzi makali yaliyotoka moja kwa moja kwenye jiwe. Ukiyatazama makali hayo kwa hadubini si mstari ulionyooka, ni kama meno ya msumeno mdogo sana. Kila kijino kikivunjika huondoka na kipande kikubwa kuliko chenyewe. Kwa hiyo kiwandani ukingo husuguliwa kwa brashi zenye chembe za kusagia hadi uwe wa mviringo mdogo mno, mara nyingi kati ya milimita 0.02 na 0.08. Unene wa karatasi ya kawaida ni kama milimita 0.1. Tunazungumzia kitu ambacho jicho halikioni, lakini ndicho kinachotofautisha kipande cha saa moja na kipande cha siku nzima.

Kiasi cha mviringo hutegemea kazi. Kwa kukereza chuma kigumu chenye kugongagonga, ukingo huhitaji kusuguliwa zaidi. Kwa mbao unatakiwa uguswe kidogo tu, kwa sababu mbao zinahitaji ukali. Ukizidisha, msumeno utasukuma badala ya kukata, mbao zitaungua na mota italalamika.

Kwa fundi mdogo somo ni hili. Ukimaliza kunoa jino la kabaidi la mashine ya kukerezea, chukua tupa ndogo ya almasi yenye chembe laini na upitishe kwenye ukingo mara mbili au tatu, kwa uzito wa mkono wenyewe bila kukandamiza. Utasikia sauti ikibadilika kutoka kukwaruza hadi kuteleza. Ikianza kuteleza, acha.

Kwa msumeno wa mbao, anza na usafi. Utomvu wa msindano ukikauka kwenye meno hufanya msumeno mzima uonekane butu. Wapo wanaolipia kunoa wakati walihitaji sabuni, maji ya uvuguvugu na brashi. Gogo lililoburutwa kwenye udongo nalo lisafishwe au limenywe ganda kabla ya kupasuliwa, maana mchanga uliojificha kwenye ganda ni adui wa kila jino. Wakati wa kunoa, kila jino lipunguzwe kwa kiasi kile kile, kwani jino refu kuliko wenzake hubeba kazi yao na ndilo la kwanza kuvunjika.

Sasa kuhusu maji. Kabaidi iliyopata moto ikichovywa ghafla kwenye maji hupata nyufa. Ama maji yamwagike mfululizo tangu mwanzo wa kunoa hadi mwisho, ama inolewe kavu kwa kugusa kidogo kidogo na iachwe ipoe yenyewe. Vaa miwani na barakoa pia. Vumbi la kabaidi lina kobalti, na likivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu.

Hesabu ya siku, si ya kunoa

Niingie sasa kwenye fani yangu. Tatizo letu ni kwamba tunalinganisha bei ya kunoa, wakati tungelinganisha bei ya kazi.

Tuchukue mfano. Hizi si takwimu za utafiti, ni namba za kufundishia tu, nawe weka za kwako. Fundi wa kwanza ananoa visu vya mashine kwa Sh 2,000, anayatoa yakiwa makali ya kunyoa, na yanadumu siku mbili. Fundi wa pili anatoza Sh 5,000, anapima pembe, anaondoa ulimi, anaweka ukingo wa pili, na makali yanadumu siku kumi.

Kwa mtazamo wa haraka wa kwanza ni rahisi. Lakini kwake unalipa Sh 1,000 kwa kila siku ya kazi, na kwa wa pili unalipa Sh 500. Kwa mwezi wa siku 30 utakwenda kwa wa kwanza mara 15 na kulipa Sh 30,000. Kwa wa pili utakwenda mara tatu na kulipa Sh 15,000.

Bado hatujagusa kisu chenyewe. Tuchukulie kila kunoa kunakula nusu milimita ya chuma, na kisu kina milimita 30 za kuliwa kabla ya kutupwa. Kwa fundi wa kwanza unapoteza milimita saba na nusu kwa mwezi, kisu kinaisha kwa miezi minne. Kwa wa pili unapoteza milimita moja na nusu, kisu kinafika miezi 20. Umenunua kisu kimoja wakati mwenzako amenunua vitano.

Kama kufungua na kufunga visu kunachukua nusu saa, wa kwanza amekupotezea saa saba na nusu kwa mwezi. Hapo hatujahesabu petroli inayochomwa bure wakati mashine inatafuna, wala majani marefu ambayo ng'ombe anayaacha kwenye hori.

Kanuni ya jumla ni nyepesi. Jumlisha bei ya kifaa, gharama zote za kukinoa na thamani ya muda uliosimama, kisha gawanya kwa kazi iliyofanyika, iwe ni mizigo ya majani, mbao au siku. Kifaa chenye namba ndogo ndicho cha bei nafuu, hata kama dukani kilikuwa ghali.

Si hesabu mpya. Mhandisi wa Kimarekani Frederick Taylor alisoma mbele ya wahandisi wenzake, Desemba 1906, matokeo ya majaribio ya miaka 26 juu ya ukataji wa vyuma. Moja ya mambo makubwa aliyoyaonyesha ni kwamba muda ambao makali yatadumu unaweza kukadiriwa na kupangwa. Ni zaidi ya miaka 100 sasa. Viwanda vikubwa vinapiga hesabu hiyo kila siku, wakati sisi wadogo, ambao hasara moja inatuangusha, tunakwenda kwa kubahatisha.

Biashara iliyolala

Kwa wafanyabiashara wadogo, hapa kuna fursa. Wanoaji wa baiskeli wapo karibu kila mji, na wengi wao wana mkono mzuri kuliko tunavyowapa heshima. Wanachokosa ni mteja anayejua cha kuomba.

Fikiria kijana mwenye jiliwa, mawe mawili ya kunolea, moja gumu na moja laini, tupa ya almasi na kibao cha mbao kilichokatwa kwa pembe inayotakiwa ili kila kisu kikae pale pale. Mtaji huo ni mdogo kuliko wa biashara nyingi. Anaweza kuuza kwa mpango wa kubadilishana. Mfugaji anakuwa na seti mbili za visu, moja inafanya kazi na nyingine iko kwa fundi. Siku ya kubadilisha mashine haisimami hata nusu siku.

Vikundi vya wafugaji na vyama vya ushirika vya maziwa vinaweza kumpa fundi kama huyo mkataba wa mwezi, kwa sharti kwamba anaandika kwenye daftari tarehe ya kunoa, pembe na siku ambazo makali yalidumu. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha nani ananoa na nani anakula chuma cha watu. Kwa anayetaka ujuzi wa ndani zaidi, vyuo vya VETA na ofisi za SIDO mikoani ni mahali pa kuanzia kuuliza, na kwa upande wa misumeno kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu kilichoko Moshi.

Wenye maduka ya pembejeo nao wasiishie kuuza mashine. Anayeuza mashine ya majani bila jiwe laini, bila visu vya akiba na bila maelezo ya dakika tano ni sawa na anayeuza jembe bila mpini.

Kwa wafugaji naongeza moja. Tafuta sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio. Ifunge chini ya mdomo wa mashine pale majani yanapotokea, na uifute kila siku. Haitakamata kila kitu, lakini kipande itakachokamata hakitafika tumboni. Kagua makali ya visu kila asubuhi kabla ya kuwasha. Ukikuta pengo ambalo jana halikuwapo, usilishe majani hayo mpaka umeyapekua kwa sumaku.

Mama bado anafuga, na mashine ni ile ile. Ukutani bandani kuna msumari unaoning'iniza vipande viwili vya katoni vyenye mapengo ya V, kimoja cha panga na kimoja cha visu, pamoja na daftari la tarehe. Mzee wa sokoni ndiye anayetunolea mpaka leo. Nilimrudia na kumweleza yaliyotokea. Hakunicheka. Alichukua kisu, akakipima kwa katoni yangu, akaweka ukingo wa pili kwa jiwe alilotoa mfukoni, akanirudishia.

"Haya ndiyo niliyotaka kukupa siku ile," alisema.

Aliongeza bei kidogo, nami nikalipa bila kuomba punguzo.